Mji Uliowavisha Mama Zetu

Mwanangu, ninyi vijana mkitaja Mabibo, mtaa wetu huu wa Dar es Salaam, mna maana ya soko la ndizi, hosteli ya wanafunzi wa Chuo Kikuu na msongamano wa magari wa asubuhi. Sisi tuliokulia hapa miaka ya sabini tuliijua Mabibo ya king'ora. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa hapo jirani, upande wa Barabara ya Morogoro, kimejengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, na king'ora chake ndicho kilichotugawia siku. Kikilia alfajiri, mama anakoka moto. Kikilia mchana, tunajua shifti inabadilishwa na baba yuko njiani. Baba alikuwa sehemu ya kufuma. Aliporudi, nywele na kope zake zilikuwa zimeshika vumbi jeupe la pamba, na mwili mzima unanuka wanga uliopikwa na mafuta ya mashine. Akishaoga na kuvaa msuli, alitoa kiti nje chini ya mkorosho, akafungua redio yake ya masafa mafupi: kwanza Redio Tanzania kwa habari za nchi, kisha, mawimbi yakikubali, Idhaa ya Kiswahili ya Redio Japan. Majina ya Tokyo, Nagoya na Osaka niliyasikia hapo kabla sijajua yalipo kwenye ramani.

Mama naye alikuwa na Japani yake, ndani ya sanduku la mbao lililokaa uvunguni mwa kitanda. Humo alihifadhi doti za khanga alizoolewa nazo mwanzoni mwa miaka ya sitini, zimekunjwa na kutiwa udi, nyingine zimelainika kwa kufuliwa hadi ukizipitisha kwenye shavu huzisikii. Zilikuwa zimepigwa chapa Japani, na mama hakuacha kulisema hilo kila alipozianika. Alisema rangi yake haikimbii hata ukizifua kwa maji ya chumvi. Baba alisikiliza bila kujibu, kwa sababu khanga za Urafiki zilikuwa kazi ya mikono yake, na mtu hapendi kusikia nyumbani kwake kazi ya mwingine ikisifiwa kila wiki. Hapo, mwanangu, ndipo hadithi yangu ya Osaka ilipoanzia, miaka mingi kabla sijapanda ndege.

Ufadhili wa serikali ya Japani niliupata mwaka 1986, kwenda kusomea ufundi wa nguo katika chuo kimoja mjini Kyoto. Ilikuwa miaka ya mageuzi hapa kwetu. Mwalimu alikuwa ameng'atuka mwaka mmoja nyuma, Mzee Mwinyi ameshika usukani, shilingi imeanza kushuka thamani, na maduka yaliyokaa matupu kwa miaka yameanza tena kuonyesha sabuni, dawa ya meno na nguo za mitumba. Nilitoka katika nchi ambayo watu walikuwa bado wanakumbuka kupanga foleni ya khanga mbili kwa kaya moja, nikaingia katika nchi ambayo mashine ilisimama peke yake pembeni mwa barabara usiku kucha, imejaa makopo ya soda na kahawa ya moto, wala hakuna anayeilinda. Unaweka sarafu ya yen 100, kopo linaanguka. Kwa ubadilishaji wa mwishoni mwa 1987 hiyo ilikuwa kama shilingi 60 zetu, na daladala hapa nyumbani bado ulikuwa unapanda kwa sarafu chache.

Siku ninayotaka kukusimulia ni Jumamosi moja ya Novemba 1987. Kyoto nilikuwa nimeizoea, mji wa mahekalu na bustani, watu wake wapole na wa kujizuia. Lakini kila mwalimu wangu alipotaja pamba alitaja Osaka, na nilitaka kwenda kuiona. Mwenyeji wangu alikuwa kijana wa Kijapani aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Osaka, anajifunza Kiswahili. Alikuwa mwembamba, miwani mikubwa, daftari halimtoki mkononi. Tulikuwa karibu hirimu moja, lakini kwa kuwa nilimzidi mwaka au miwili alishikilia kuniita kaka, na kila sentensi yake ilikuwa imenyooka kama rula. Akisema "Kaka, treni itafika baada ya dakika nne," dakika ya nne treni inafika. Tulipanda treni za Hankyu, zile za rangi ya damu ya mzee, viti vya kijani vya mahameli, na nauli haikufika yen 400. Nje mashamba madogo ya mpunga uliokwisha kuvunwa yalipishana na viwanda na nyumba zilizobanana, nguo zimeanikwa kwenye kila roshani.

Umeda, mwisho wa reli ile, ni mahali ambapo njia tisa za treni zinalala sambamba chini ya paa moja, na kila dakika chache mojawapo inamwaga watu. Nilisimama pembeni nikatazama nyuso. Wanaume wenye suti nyeusi, maana Jumamosi ilikuwa bado nusu siku ya kazi. Wanafunzi wa kike wenye sare za kibaharia. Mama wazima waliovaa kimono wakitembea hatua fupifupi. Hakuna aliyemgonga mwenzake. Tuliingia kwanza kwenye chumba cha kahawa kilichokuwa chini ya ardhi, kidogo, kimejaa moshi wa sigara na harufu ya kahawa iliyosagwa muda ule ule. Mwenye duka, mzee mwenye tai ndogo shingoni, alipika kahawa kwa vyombo viwili vya kioo vilivyopandana juu ya moto wa spiriti, maji yanapanda, yanakutana na unga, kisha yanashuka yakiwa meusi. Kwenye orodha ya bei ukutani kijana alinionyesha mstari wa pili kutoka juu: Kilimanjaro. Kahawa ya mchanganyiko ilikuwa yen 300, Kilimanjaro yen 400.

Nikapiga hesabu palepale: shilingi 240 kwa kikombe kimoja, fedha ambayo mama yangu angeendeshea jiko kwa siku kadhaa. Japani karibu kahawa yote nzuri ya Tanzania huuzwa kwa jina hilo la mlima, hata ikiwa imechumwa Mbinga au Mbozi ambako hakuna anayeuona mlima wenyewe. Mzee alipoambiwa natoka huko, aliweka kikombe mbele yangu kwa mikono miwili, akasubiri ninywe kwanza ndipo naye aendelee na kazi zake. Ilikuwa kali, chachu kidogo ulimini, na safi. Nilikuwa nimefika umri ule bila kuwahi kuionja kahawa ya nchi yangu namna ile. Nyumbani kahawa nzuri iliuzwa nje kwa sababu nchi ilihitaji fedha za kigeni, na sisi Mabibo tulikunywa ile ya vikombe vidogo ya wauza kahawa wa mtaani, yenye tangawizi, ambayo nayo naipenda hadi leo.

Kutoka hapo tulipanda treni ya mzunguko, ya rangi ya machungwa, tukashuka kwenye bustani ya ngome ya Osaka. Ngome hiyo aliianzisha Toyotomi Hideyoshi mwaka 1583, mtu aliyezaliwa mtoto wa hali ya chini akapanda hadi kuishika Japani yote mkononi, na watu wa Osaka wanamsimulia mpaka leo kana kwamba ni babu yao. Baadaye ukoo wa Tokugawa uliibomoa na kuijenga upya kwa mawe makubwa zaidi. Hapo nilioneshwa Jiwe la Pweza. Limo kwenye ukuta karibu na lango, bapa, pana kuliko ukumbi wa nyumba yetu, linakadiriwa kuwa na uzito wa zaidi ya tani 100, na upande mmoja lina doa linalofanana na kichwa cha pweza. Lilikatwa kisiwani, likasafirishwa kwa maji, likavutwa na watu hadi hapo bila injini ya aina yoyote. Mwenzangu alitaka tuwahi kupanda juu, lakini mimi nilikaa pale muda mrefu nikitazama viungo vya mawe. Hapakuwa na saruji katikati yake. Jiwe limelala juu ya jiwe kwa sababu kuna mtu aliyelichonga mpaka likakubali.

Jengo la juu, lile jeupe lenye mapaa ya kijani na nakshi za dhahabu, ni la zege. Wananchi wa Osaka walichanga fedha zao wakalijenga mwaka 1931, na ndani yake kuna lifti. Baadhi ya wageni huvunjika moyo wakijua hivyo. Mimi nilivutiwa zaidi. Wafanyabiashara na mafundi wa mji walichanga ili warudishe kitu walichokipoteza zaidi ya karne mbili nyuma. Kisha vita vikaja. Kwenye viwanja vya ngome ile kulikuwa na kiwanda kikubwa cha silaha cha jeshi, na ndege za Marekani zilikibomoa tarehe 14 Agosti 1945, siku moja tu kabla mfalme hajatangaza redioni kwamba vita vimekwisha. Mji wenyewe ulikuwa umekwisha kuchomwa tangu Machi mwaka ule. Kutoka ghorofa ya juu kijana alininyooshea kidole kila upande, akisema pale paliungua, na pale, na pale. Nilichokiona mimi ni mji usio na mwisho, majengo hadi milimani, minara miwili pacha ya vioo iliyokamilika mwaka mmoja nyuma, na bandari ikimeta kwa mbali. Miaka 42 tu ilikuwa imepita. Mwanangu, hesabu hiyo iliniingia moyoni kuliko dhahabu yote ya mapaa yale.

Mchana tulikwenda nilikotaka kwenda tangu mwanzo, Semba, mtaa wa wauza vitambaa. Osaka ni mji wa biashara kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na nguvu yake mpya ilianza na pamba. Kampuni ya Kusokota Nyuzi ya Osaka iliundwa mwaka 1882 kwa jitihada za Shibusawa Eiichi, ikaanza na vijiti vya kusokotea 10,500, mashine zikitoka Uingereza, ikawasha taa za umeme ili kazi iendelee usiku na mchana. Wasichana wa vijijini walikesha mbele ya mashine zile, wengi wakaugua vifua. Haikupita miaka mingi watu wakaanza kuuita mji ule Manchester ya Mashariki. Pamba yake haikulimwa Japani. Ilitoka India, China na Misri, na ilipofika miaka ya ishirini wanunuzi wa Osaka walikuwa wamekwisha fika Mombasa na Uganda. Mwaka 1926 meli za kampuni ya Osaka Shosen zikaanza safari za kawaida kuja pwani yetu ya Afrika Mashariki. Zilikuja na majora, zikaondoka na marobota ya pamba. Baba yangu alikuwa hajazaliwa bado.

Sehemu kubwa ya wauzaji wa jumla wa Semba imo katika majengo kumi yaliyopangwa mstari mmoja, karibu kilomita nzima, chini ya barabara ya juu ya magari. Yalijengwa mwaka 1970, mwaka wa maonyesho makubwa ya dunia ya Osaka. Magari yananguruma juu ya paa na wewe huyasikii. Ndani ni vitambaa tu, hariri, pamba, sufu, mashuka, vitenge vya mapazia, na ile harufu ya wanga na rangi ambayo ningeitambua hata nikifungwa kitambaa usoni. Ilikuwa harufu ya baba. Mwenzangu alikuwa amepata habari, kupitia mwalimu wake, za mzee mmoja ambaye zamani alisafirisha nguo kwenda Afrika. Tulimkuta nyuma ya duka lake, umri wake unapita miaka sabini, sweta la sufu la kijivu, futi ya kamba shingoni, penseli nyuma ya sikio. Niliinama kwa adabu namna nilivyofundishwa, naye akainama zaidi yangu.

Aliposikia natoka Dar es Salaam hakusema neno. Alipanda ngazi, akashuka na madaftari matatu makubwa ya sampuli, yamefungwa kwa kamba, yananuka kafuri. Akayafungua juu ya meza ya kukatia. Mwanangu, zilikuwa khanga. Vipande vya pindo, vipande vya mji, korosho kubwa nyekundu juu ya nyeusi, madoa ya kanga ndege, mananasi, minazi, kurasa baada ya kurasa, na kwenye kila kipande jina lake la Kiswahili kwa herufi kubwa. Alikuwa ameziuza khanga hizo miaka mingi baada ya vita. Michoro na maneno vililetwa kwa posta na wafanyabiashara wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, naye akavipeleka kwenye viwanda vya kupigia chapa, ambako mafundi wasiojua neno moja la lugha yetu walilinganisha herufi kwa herufi kwa kioo cha kukuzia. Herufi moja ikikosewa, alisema, mteja wa Mombasa hakubali shehena, maana wanawake wa kule hawanunui. Wanasoma kwanza. Aliniomba nimsomee. Nikasoma moja moja kwa sauti, mwenzangu akimweleza kila jina lilikuwa linamwambia nani, jirani, mume, mke mwenza, mama mkwe. Mzee alisikiliza mikono ikiwa magotini. Mara akaita mke wake aliyekuwa jikoni, naye akaja akasimama mlangoni kusikiliza. Walikuwa wamelea watoto wao kwa nguo zile na hawakuwa wamewahi kusikia zinavyosema.

Nilimwuliza kwa nini aliacha. Akasema wateja wa Tanzania walianza kupungua mwishoni mwa miaka ya sitini, nchi zetu zilipojenga viwanda vyake. Nami nikamweleza kwamba baba yangu ni mfumaji katika kimojawapo. Nilikuwa nimevaa siku ile shati la kitenge cha Urafiki chini ya koti, maana mama alikuwa amenifungia mashati mawili ya namna hiyo nilipoondoka. Mzee aliomba ruhusa, akashika ncha ya shati baina ya kidole gumba na cha shahada, akaisugua, akatoa kioo kidogo cha kukunja wanachotumia watu wa nguo kuhesabia nyuzi, akainama juu ya tumbo langu akahesabu nyuzi za urefu na za upana kwa sauti ya chini. Kisha akanyooka, akasema: mwambie baba yako kwamba mtu ambaye yeye alimchukulia wateja ameiona kazi yake, na ni kazi ya fundi. Alisema hivyo bila kicheko, kama mtu anayetoa ushahidi. Mke wake akatuletea chai ya kijani na vipande vya persimoni vilivyomenywa.

Tulitoka pale jua limeanza kulegea, tukashika barabara ya Midosuji kuelekea kusini. Pande zote mbili imepandwa miginko, na Novemba majani yake yalikuwa ya manjano tupu, lakini chini yamedondoka matunda yake yanayooza, yananuka vibaya sana, na wazee wa Osaka wanayaokota kwa mifuko kwa sababu kokwa yake ni chakula kitamu. Tulipofika Dotonbori taa zilikuwa zimewashwa. Mfereji, daraja, mabango makubwa, lile la mwanariadha aliyenyanyua mikono, kaa mkubwa anayetikisa miguu juu ya mlango wa hoteli ya chakula. Miaka miwili nyuma, timu yao ya besiboli ya Hanshin Tigers ilipochukua ubingwa, mashabiki walijirusha kutoka daraja lile hadi kwenye maji machafu. Watu wa Osaka wanaongea kwa sauti, wanacheka barabarani, wanapatana bei. Baada ya mwaka mzima wa upole wa Kyoto nilijiona niko Kariakoo.

Kando ya mfereji mwanamume mmoja mwenye kilemba cha taulo alikuwa anakaanga takoyaki, madonge ya unga yenye kipande cha pweza katikati, chakula kilichobuniwa mji ule ule mwaka 1935. Sinia la chuma lina vishimo. Anamimina uji wa ngano, anatupia pweza na kitunguu, anageuza kwa sindano mbili upesi kuliko jicho. Yen 300 kwa madonge manane, na mchuzi mweusi mtamu juu yake. Mimi ni mtoto wa Dar es Salaam, pweza nimemla kwenye soko la samaki la Feri akiwa wa kukaanga na supu yake nimeinywa jioni nyingi, lakini pweza wa moto ndani ya unga laini, baridi ya Novemba ikikupiga masikioni, ni jambo lingine. Muuzaji akaniuliza nchi yangu. Kijana akamjibu: Tanzania. Yule bwana akaacha sindano, akakunja ngumi, akaanza kukimbia papo hapo aliposimama: "Ikangaa! Ikangaa!"

Huenda hujui, mwanangu, na ni vizuri ujue. Miaka ile Juma Ikangaa, mwanajeshi wetu mdogo wa umbo kutoka Dodoma, alikuwa anajulikana sana Japani. Alishinda marathoni ya Tokyo mwaka 1984 na tena 1986, kisha akashinda ya Fukuoka Desemba 1986. Lakini walichokipenda zaidi ni siku aliyoshindwa: Fukuoka 1983, alipoongoza akamkokota Toshihiko Seko mpaka uwanjani na kupitwa dakika ya mwisho kwa sekunde tatu. Wajapani walitazama mbio hizo kwenye televisheni nyumba nzima. Yule muuza pweza alikumbuka sekunde zile tatu kama zilivyo. Alikataa kupokea fedha yangu, akaniongezea madonge mawili, akaniambia nikimwona Ikangaa nimwambie Osaka wanamsubiri. Nilikula nimesimama, nikifikiri kwamba kijana mmoja kwa miguu yake miwili alikuwa ameitangaza nchi mahali ambapo hakuna balozi aliyewahi kufika.

Jioni tulimalizia Shinsekai, mtaa wa zamani wenye mnara wa chuma wa Tsutenkaku, wakati ule mita 103, uliosimamishwa mwaka 1956 badala ya ule wa kwanza ulioondolewa wakati wa vita. Mtaa ule ulikuwa wa vibarua na wazee. Vibanda vya kukaanga nyama kwenye vijiti vilitoa moshi wa mafuta. Bakuli la mchuzi lilikuwa la watu wote, na sheria yake ilikuwa kuchovya mara moja tu. Ndani ya ukumbi mmoja wenye madirisha ya kioo wazee walikaa wawili wawili wakicheza shogi, sataranji yao, na nyuma ya kila jozi wamesimama wengine wanaotazama na kunong'ona. Mikono ile ilikuwa na sugu za bandarini na za ujenzi. Hao ndio walioujenga upya mji niliouona asubuhi kutoka juu ya ngome, na jioni ile walikuwa na kikombe cha pombe ya bei ndogo na mchezo wa yen chache. Kijana aliniambia wengi wao hulala nyumba za kupanga kwa usiku mmoja, hawana familia. Nchi tajiri nayo ina watu wake inaowasahau, na ni haki ya mgeni kuwaona hao pia.

Niliporudi Kyoto nilimwandikia baba barua ndefu. Jibu lake lilichukua wiki kadhaa kufika, karatasi nyembamba ya bluu ya barua za ndege, mwandiko wake wa shule ya msingi umejaa mpaka pembeni. Mama aliongeza chini kwamba baba ameisoma ile sehemu ya mzee wa Semba kwa majirani wote wa mtaa, na kwamba tangu siku hiyo hakereki tena khanga za Japani zikisifiwa. Nami nilimaliza masomo nikarudi nyumbani, nikakuta upepo umegeuka. Nguo za nje na mitumba zilijaa masokoni, viwanda vyetu vingi vya nguo vikaanza kuyumba, vingine vikafungwa. Urafiki kiliingia ubia na Wachina katika miaka ya tisini. Osaka nayo haikusalimika. Kazi ya kusokota na kufuma ilihamia kwenye nchi zenye mishahara midogo, na maduka mengi ya Semba yakabaki kuuza nguo zilizotengenezwa kwingine. Mfumaji wa Mabibo na muuza khanga wa Semba, aliyemchukulia mwenzake wateja na aliyechukuliwa, wote wawili walipitwa na mashine za mbali zaidi. Leo doti unayomnunulia shangazi yako Kariakoo huenda imepigwa chapa India au China.

Nimekusimulia haya kwa sababu naona vijana wengi wa mtaa huu mnakwenda Guangzhou kama sisi tulivyokuwa tunakwenda Kariakoo. Mnakwenda na orodha ya bidhaa, mnakaa hotelini, mnafunga mzigo, mnarudi na picha za maghorofa. Maghorofa hayana la kukuambia. Mji wa watu unausoma kwenye kazi yao: nani anatengeneza, kwa mikono ya nani, malighafi imetoka wapi, na nani anayeipa bei. Mimi siku moja tu ya Osaka ilinionyesha kwamba kahawa yetu, pamba yetu, maneno ya mama zetu na miguu ya Ikangaa vilikuwa vimekwisha fika kule kabla yangu, na kwamba faida kubwa ilibaki kwa aliyejua kuisindika kahawa, kuifuma pamba na kuyapiga chapa maneno. Baba yangu na wenzake walijaribu kuirudisha faida ile nyumbani, na kwa miaka kadhaa waliweza, hata mshindani wao akakiri kwa kinywa chake. Lililowezekana mara moja linawezekana tena. Kwa hiyo safari ijayo tenga siku moja usinunue kitu. Mwombe mwenye kiwanda akuonyeshe mashine, uliza jina la kila sehemu, uliza inagharimu kiasi gani na inahitaji watu wangapi kuiendesha, andika yote kwenye daftari. Mafundi waliostaafu Urafiki bado wapo hapa Mabibo, nami nawafahamu. Ukirudi na daftari hilo nitakupeleka kwao.